Faili la Arobaini

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, Chapuchapu alikuwa ameshafungua chumba cha kompyuta. Jina hilo alibandikwa na mama yake tangu utotoni, kwa sababu hakutambaa hata siku moja. Aliinuka tu akaanza kutembea, akaanguka, akainuka tena. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na shule nzima ilimwita hivyo, hata walimu. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na mtihani aliumaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli.

Yeye ndiye aliyekuwa kiranja wa chumba hicho. Alifungua madirisha, akafuta vumbi kwenye kompyuta kumi na mbili, akahesabu vipanya, kisha akawasha mashine moja baada ya nyingine. Ya saba haikuwaka mpaka uigonge ubavuni. Ya kumi ilikuwa imeng'oka herufi M, kwa hiyo kila aliyeitumia alimwandikia mwalimu barua inayoanza na "Ndugu waliu". Mwalimu wa kompyuta alikuwa akizisoma barua hizo kwa sauti darasani, neno kwa neno, bila kucheka, mpaka wanafunzi washike mbavu.

Mwalimu huyo alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti nene iliyotulia. Mbali na kufundisha kompyuta, kila Ijumaa aliwasomea hadithi watoto wa darasa la kwanza na la pili. Akisoma sehemu ya simba, watoto walisogeleana. Akisoma sehemu ya bibi kizee, walijiangusha chini kwa kicheko. Lakini tangu mwaka uanze, sauti ile ilikuwa inakwaruza. Kwanza alisema ni mafua. Baadaye akawa anakunywa maji kila baada ya sentensi mbili. Mwishowe akaacha kusema ni mafua.

Siku moja wakati wa mapumziko alimwita Chapuchapu, akafunga mlango.

"Nina uvimbe kooni," alimwambia. "Madaktari watauondoa. Wakiuondoa, sauti nayo inaondoka."

"Itarudi lini, mwalimu?"

"Hairudi, mwanangu."

Chapuchapu hakujua aweke wapi macho yake. Mwalimu akamwekea mbele rundo la vitabu vya hadithi.

"Kabla haijaondoka nataka tuirekodi. Hadithi zote hizi, sauti na picha, ili wale wadogo wasikose Ijumaa zao. Wewe utabonyeza, mimi nitasoma. Utaweza?"

"Nitaweza."

Walifanya kazi hiyo kwa wiki nane. Kila mapumziko walivuta mapazia, Chapuchapu akabandika mlangoni karatasi iliyoandikwa TULIENI, kisha akabonyeza kitufe. Siku nyingine mwalimu alisoma hadithi nzima bila kusita. Siku nyingine alikohoa mpaka machozi yakamtoka, wakaanza upya mara tano. Chapuchapu, ambaye hakuwahi kungoja kitu maishani mwake, alingoja. Walirekodi hadithi thelathini na tisa, wakaziweka katika folda waliyoipa jina Sauti.

Siku ya mwisho mwalimu alimwambia, "Leo niache peke yangu kidogo. Hii ya arobaini nitaibonyeza mwenyewe."

Chapuchapu alisimama nje akisikia mnong'ono tu, hakushika hata neno moja. Mwalimu alipofungua mlango, macho yake yalikuwa mekundu. Alimkabidhi karatasi ndogo iliyokunjwa.

"Hili ni nenosiri kuu. Mwalimu mkuu analijua, na sasa wewe. Mwingine asilione, na usilitumie ila fundi akikuomba. Halafu, kwenye mashine yangu kuna kazi inaendelea. Itachukua wiki kadhaa. Usiizime. Iache ijiendee taratibu."

"Sawa, mwalimu."

Hakuuliza ni kazi gani. Kesho yake mwalimu alilazwa hospitalini.

Wiki mbili zikapita. Siku hizo intaneti ya shule, ambayo hata zamani haikuwa na mbio, ilizidi kuwa nzito. Na katika wiki hizo hizo kundi la Chapuchapu lilikuwa likikamilisha video ya kusafisha maji machafu kwa mchanga na mkaa. Shule nyingi zilikuwa zikishindana, na video zote zilitakiwa ziwe zimetumwa kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa.

Ijumaa hiyo, saa tisa na robo, chumbani walibaki wawili: Chapuchapu na rafiki yake waliyemwita Wakili, msichana ambaye hakukuwa na jambo asilolibishia.

"Asilimia nne," Wakili alisoma kwenye kioo. "Tangu saa nane, asilimia nne! Intaneti hii imekunywa dawa ya usingizi."

"Hebu nione mashine ya mwalimu. Labda yenyewe ina kasi."

Kwenye kona ya kioo cha mwalimu palikuwa na kidirisha kidogo kilichoandikwa *Kazi inaendelea*. Chini yake palikuwa na maandishi mengine. Chapuchapu hakuyasoma. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Aliingia mtandaoni akatafuta namna ya kuongeza kasi, na mara likatokea tangazo la rangi ya chungwa: *Ongeza kasi ya mtandao wako mara kumi! Bure!*

Akalibonyeza. Mashine ikatoa onyo jekundu.

"Imeandika hatari," alisema Wakili.

"Hiyo kila kitu inakiita hatari."

"Inataka nenosiri kuu. Hatuna."

Chapuchapu alitoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa. "Geuka kidogo."

"Unalo? Nani kakupa?"

"Geuka, Wakili!"

Aliandika nenosiri. Programu ikamuuliza kama azime ulinzi wa kompyuta. Akajibu ndiyo. Ikamuuliza kama asimamishe kazi nyingine zote zinazoendelea. Kidole chake kilisita, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa mbali. Saa ilionyesha tisa na nusu. Akajibu ndiyo.

Kidirisha cha pembeni kikatoweka. Na kweli, video ikaanza kukimbia. Asilimia ishirini. Sitini. Mia. Wasichana wawili wakakumbatiana wakarukaruka mpaka mashine ya saba ikazimika yenyewe.

Jumatatu asubuhi Chapuchapu alifungua chumba, akafungua madirisha, akawasha mashine. Zote kumi na mbili zilionyesha kioo cheusi chenye maandishi meupe: mafaili yenu yamefungwa, lipeni mfunguliwe. Alikimbilia mashine ya mwalimu. Baada ya kuhangaika aliipata folda ya Sauti. Majina ya hadithi yote yalikuwa yamegeuka mchafuko wa herufi na namba. Alibonyeza moja, haikufunguka. Alibonyeza nyingine. Alizibonyeza zote arobaini, moja moja, na kengele ikalia asiisikie.

Siku ya pili mwalimu mkuu alimleta fundi wa mtandao, dada mmoja mnyamavu mwenye begi la zana. Alikaa mbele ya mashine kwa saa mbili.

"Kirusi kimeingilia hapa," alisema akigusa mashine ya mwalimu. "Ijumaa, saa tisa na nusu. Kutoka hapa kimesambaa kwenye mtandao wote wa shule. Nani alikuwa humu saa hiyo?"

Mwalimu mkuu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimgeukia Chapuchapu. "Kiranja, ulifunga saa ngapi?"

Swali lilikuwa dogo. Jibu lilitoka kabla hajalifikiri. "Saa tisa kamili, mwalimu."

Mwalimu mkuu akakunja uso. "Basi mwenye ufunguo mwingine ni mama wa usafi peke yake."

Mama wa usafi aliitwa. Alikuja na ndoo mkononi. Alipoulizwa kama aliwahi kugusa mashine ile, hakuficha.

"Huwa nachomeka simu yangu hapo ipate chaji nikiwa napiga deki. Nyumbani umeme umekatika mwezi mzima. Lakini sikugusa kingine, mwalimu. Mimi hata kuiwasha sijui."

"Simu inaweza kuleta kirusi," fundi alisema taratibu. "Sijasema ndiyo iliyoleta. Nahitaji muda."

"Muda huo mama akae nyumbani," mwalimu mkuu aliamua. "Tutamwita uchunguzi ukiisha."

Chapuchapu alisimama kando ya mlango kama aliyepigiliwa misumari. Alimwona mama wa usafi akivua aproni yake ya buluu, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya ndoo. Alipompita mlangoni alisimama.

"Mwanangu, wewe unazijua hizi. Kweli simu tu inaweza kuua kompyuta zote hizi?"

"Sijui, mama," Chapuchapu alijibu.

Mama yule akatikisa kichwa. "Na sauti ya mwalimu nayo imo humo? Maskini. Jamani, maskini."

Akaenda zake.

Alasiri ile Chapuchapu alifika nyumbani akakaa chini, karibu na cherehani ya mama yake. Mama yake alikuwa fundi nguo. Alikuwa anashona sketi za shule, miguu ikikanyaga, mdomoni kabana pini mbili. Akamtazama binti yake mara moja, mara ya pili, kisha akatoa pini.

"Chakula hujagusa. Leo Chapuchapu kapata breki? Kuna nini?"

Chapuchapu alianza kulia kabla ya kusema. Alieleza yote: karatasi iliyokunjwa, onyo jekundu, ndiyo mbili alizojibu, hadithi arobaini, aproni ya buluu. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama aliweka kitambaa mapajani.

"Yule mama yuko nyumbani kwake sasa hivi, anawaambia watoto wake nini?" aliuliza.

Kisha mama akachomeka pini zake kwenye kitambaa.

"Kesho nitakusindikiza. Lakini maneno yatatoka mdomoni mwako."

"Watanichukia, mama."

"Huenda. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako."

Asubuhi, ofisini kwa mwalimu mkuu, Chapuchapu alisema yote akiwa amesimama, mbele ya mwalimu mkuu na fundi. Sauti ilimkauka mara mbili. Mara zote mbili mama yake hakumsaidia hata kwa neno moja. Alimgusa bega tu. Wakili naye, aliyekuwa amesimama dirishani akisikiliza, aliingia bila kubisha hodi. "Na mimi nilikuwepo," alisema. Siku hiyo hakubisha chochote.

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwanza," alisema, "mimi mwenyewe nakwenda kwa mama wa usafi. Nilimhukumu kwa haraka. Nyinyi wawili mtafuatana nami."

Fundi alimgeuzia Chapuchapu kompyuta yake ndogo. "Ile kazi uliyoisimamisha, unajua ilikuwa nini?"

"Hapana."

"Mwalimu wako alikuwa anapeleka nakala za hadithi zile kwenye hifadhi ya mtandaoni, mbali na hapa. Video ni nzito, na mtandao wenu ni mwembamba, kwa hiyo ilikuwa inakwenda moja kwa siku, na siku nyingine hata hiyo moja haifiki. Ndiyo iliyokuwa inakula kasi yote."

Chapuchapu aliisogelea kompyuta ile. "Zilifika ngapi?"

"Kumi na moja. Hizo zipo salama. Zilizobaki zimefungwa, na hata wakilipwa, wezi hawa wa mtandaoni hawana uaminifu. Nimejaribu kila ninachokijua. Pole, mdogo wangu."

Mama wa usafi alirudi kazini siku ile ile. Wote watatu walimwomba msamaha. Hakusema "si kitu". Alisema, "Niliumia. Watoto wangu waliniuliza kama nimeiba." Kisha akavaa aproni yake. Chapuchapu alivuliwa ukiranja, na kundi lake likaiondoa video mashindanoni. Hakulalamika.

Fundi alikaa wiki nzima akisafisha mashine zote na kuziwekea ulinzi upya. Kila mtumiaji alipewa nenosiri lake mwenyewe, lile kuu likabadilishwa, na tangu hapo nakala za kazi zote ziliwekwa pia katika diski iliyochomolewa na kufungiwa kabatini. Kompyuta zilipona, hata intaneti ikachangamka. Lakini kila Chapuchapu alipoona video inafunguka upesi, alikikumbuka kile kidirisha cha pembeni.

Mwalimu wa kompyuta alirudi baada ya miezi miwili. Alikuwa amekonda, shingoni amefunga skafu, na mkononi ana ubao mdogo mweupe na kalamu. Mwalimu mkuu alikuwa ameshampelekea habari hospitalini. Hata hivyo Chapuchapu aliomba amwambie mwenyewe. Walikaa katika chumba cha kompyuta, wakitazamana.

Alipomaliza kueleza, mwalimu aliandika: *Zipi zimebaki?*

"Kumi na moja za mwanzo."

Kalamu ikasimama juu ya ubao. Kisha akaandika neno moja: *Arobaini?*

Chapuchapu alitikisa kichwa. "Imepotea, mwalimu."

Mwalimu aliutazama ubao wake kama mtu aliyeletewa barua kwa lugha asiyoijua. Akalifuta lile neno kwa kiganja. Baadaye akaandika polepole, herufi zikipanda na kushuka: *Mke wangu ni mjamzito. Tumesubiri miaka tisa. Ile ilikuwa ya mtoto. Nilimwita jina lake.*

Chapuchapu alijifunika uso. Aliangua kilio cha mtoto mdogo, asijali nani anasikia. Mwalimu naye alilia, mabega yakitikisika, ila kilio chake hakikuwa na mlio wowote. Ilisikika pumzi tu. Chapuchapu hakuwahi kuona jambo la kuhuzunisha kama lile: mtu mzima analia, na chumba kimya.

Baada ya muda mwalimu aliandika: *Nenda darasani.* Hakuandika kwamba amemsamehe. Kwa siku nyingi hakumwandikia chochote.

Chapuchapu hakumkimbia. Kila mapumziko alikwenda kwenye mlango wa kile chumba, akasubiri nje. Siku ya sita mwalimu alimfungulia, akamwonyesha rundo la vitabu, vile ishirini na nane ambavyo rekodi zake zilikuwa zimepotea. Akaandika: *Wale wadogo bado wanangoja. Msome nyinyi. Mimi nitawaongoza.*

Walianza. Chapuchapu na Wakili walisoma, mwalimu akawaongoza kwa mikono: punguza, vuta pumzi, hapa simba ananguruma, usikimbie. Walipokosea aliwarudisha mwanzo. Zilichukua muhula mzima. Kila hadithi ilipokamilika, walikaa wakaitazama ikipanda kuelekea kwenye hifadhi, asilimia kwa asilimia, na hakuna aliyegusa kitu.

Mtoto wa mwalimu alizaliwa muhula ulipokuwa ukingoni, msichana. Mwalimu alipowaonyesha picha yake, Chapuchapu alipongeza kama wengine, akatoka nje akakaa nyuma ya darasa peke yake mpaka mama wa usafi alipomkuta, akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakaa naye bila kumuuliza kitu.

Ijumaa ya mwisho ya muhula, watoto wa darasa la kwanza na la pili walijazana katika chumba cha kompyuta kutazama hadithi ya kwanza kati ya zile kumi na moja. Sauti nene, iliyotulia, ikajaa chumba. Watoto wakasogeleana kwenye sehemu ya simba. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma pamoja na mke wake, amembeba binti yao. Kichanga kile, kilichokuwa kikilia, kilinyamaza ghafla, kikageuza kichwa kuitafuta ile sauti ilikotoka.

Chapuchapu hakuweza kuvumilia. Alitoka nje. Baada ya hadithi kwisha mwalimu alimpa mke wake mtoto, akamfuata Chapuchapu, akakaa naye kwenye ngazi. Aliandika kwa muda mrefu, akijaza ubao mpaka pembeni, kisha akamgeuzia asome.

*Nilikukasirikia, na bado siku nyingine huwa naumia. Ile ya arobaini haitarudi, na sitakudanganya. Lakini sikiliza. Mashine ilikuonya, hukusoma. Nilikukabidhi siri, ukaitumia kupata dakika chache. Kisha ukasema uongo, na mtu asiye na hatia akavuliwa aproni yake. Ungenyamaza, ningepoteza sauti na mwanafunzi pia.*

Chapuchapu alisoma mpaka mwisho, machozi yakidondokea magotini. Mwalimu akafuta ubao kwa skafu yake, akaandika tena:

*Mtandao ukiwa mzito, jiulize kwanza umebeba nini. Cha bure kinachokutaka uzime ulinzi kina nia yake. Siri ya mwenzako si yako kuitoa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu kila siku unayochelewa kuna mwingine anayeumia badala yako.*

"Nimeelewa, mwalimu," Chapuchapu alisema.

Mwalimu alimtazama kwa makini, kama anayepima kama jibu hilo nalo limetoka kwa haraka. Kisha akafuta pembe moja ya ubao, akaongeza maneno machache: *Jumatatu njoo nikufundishe kulinda mtandao wa shule. Itakuchukua miaka.*

"Nitakuja," alisema Chapuchapu. "Hata ikichukua miaka."